Kombe Wadogo wa La Barra

Yurleidy alikuja kijijini kwetu kutoka mji wa Tumaco na viatu vya mpira, kamba, na karatasi yenye picha za wanyama wa matopeni. Ofisi yao ya uvuvi ilimtuma kupima kombe, chaza wa topeni tunaowachimbua kwenye mikoko yetu. Wasipoonekana wadogo, mikoko ingefungwa mwaka mzima, asichimbue mtu, na sisi wanawake wa La Barra hatuna shamba lingine.

Alizungusha kamba kati ya mizizi, ikawa mraba. "Chimbueni kila chenye uhai humu," alisema. "Vyote viingie kwenye ndoo, tuvitambue, kisha tuvirudishe."

Tukachimbua, mimi na shoga yangu Delfa. Chungu cha makumbi ya nazi kilifuka moshi wa kufukuza mbu. Delfa alikuwa akikisogeza upande wa Yurleidy kila mara, maana mbu wa kwetu wanapenda wageni.

Ndoo ikajaa. Yurleidy akaanza kulinganisha na picha zake.

"Huyu tondo, konokono wa mikoko. Huyu kaa."

"Huyo ni ngadu, anabana," nikamwambia. "Kaa angalau ana adabu."

"Na huyu?"

"Samaki chura, mwanangu. Usimguse mgongo," Delfa akasema. "Mwaka jana alinichoma, nikamtukana mpaka padri akasikia."

"Kwani padri alikuwa wapi?"

"Kanisani. Ng'ambo ya mto."

Yurleidy akaandika. Halafu akapekua ndoo mpaka chini. Kombe walikuwemo, wanene, wazuri. Mdogo, hata mmoja hakuwemo.

"Bibi, hawazai tena," akasema. "Itanibidi niandike hivyo."

Delfa akakaa juu ya mzizi. "Hawazai vipi? Si nimewashika wadogo sasa hivi?"

"Wako wapi?"

"Nimewarudisha."

"Wapi?"

"Kwao. Kombe mdogo hatolewi topeni. Mama yangu angenipiga, na amekwisha kufa."

Nami wangu nilikuwa nimewaachia wote. Mkono wetu humpima kombe humo humo ndani ya tope, na akiwa mdogo humwacha kabla mwenye mkono hajajua.

Yurleidy hakutugombeza. Alitazama mkondo, maji yalikuwa yameanza kupanda. Akahamisha kamba. "Mraba mmoja zaidi, mama zangu. Safari hii msimwonee huruma mtu."

Delfa akachimbua kwa uso wa mtu anayeiba kuku wa jirani. Kila mdogo aliyempata hakumtia kwenye ndoo. Alimkabidhi Yurleidy mkononi. "Huyu mpime upesi, mamake anamtafuta."

Yurleidy akapima upesi. Kisha akamrudisha kila mmoja mwenyewe, akimdidimiza taratibu kwa kidole gumba kama Delfa alivyomwonyesha. Maji yalipotufika magotini, ukurasa wake ulikuwa umejaa.

"Haifungwi," akasema, akacheka huku machozi yakimtoka. "Bibi, mikoko haifungwi!"

"Vizuri," Delfa akasema. "Sasa sogeza mguu, umemkanyaga mmoja."