Saiklini Anaaga

Jana usiku niliota, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, kwamba nimeingia ndani ya kidonda cha mama. Mama yangu, Bi Mwanakombo, aliungua mkono kwa mafuta ya maandazi. Wiki ya tatu hii kidonda hakifungi, na mimi roho haitulii.

Ndani ni sebule. Mwenye nyumba ni seli, mama mnene asiye na uso, mkarimu kweli. Katikati pamefungwa kamba, zimeanikwa doti arobaini na sita za kanga ambazo hazijakatwa, ndizo kromosomu zake.

"Tunagawanyika," ananiambia. "Nyumba moja iwe mbili, ndipo kidonda cha mama yako kizibe. Tunamsubiri Saiklini akue."

Saiklini ni protini inayoiandaa seli igawanyike. Ameketi mkekani, mdogo kama punje ya choroko. Kila nikipepesa jicho anaongezeka. Mara kichwa kinagusa dari, na doti zote zimejipanga mstari mmoja.

"Haya, kazi yangu imekwisha," anasema. "Naomba kuaga."

"Kuaga gani!" nikamaka. "Kwetu mgeni haondoki na njaa. Kaa, chai iko jikoni."

Akaona haya, akakaa. Nikamletea chai na mkate wa kumimina, kisha nikamzuia tena. Naye, maskini, ana adabu, anakunywa tu.

Kanga hazikukatika. Seli akaanza kuhema. "Mwanangu, nimekwama. Huyu asipopungua mpaka akaisha, sigawanyiki." Juu ya dari nikamsikia mama akiguna kwa maumivu.

Lo! Kumbe ukarimu wangu ndio unaomtesa mama.

Nikamshika Saiklini mkono. "Twende nikusindikize." Hatua ya kwanza akawa kimo changu. Ya pili, akanifika kiunoni. Ya tatu nikambeba kiganjani. Nililia, sifichi.

"Usilie, dada," akasema kwa sauti ndogo. "Nitaanza upya, tena katika nyumba zote mbili."

Nikatazama kiganja: hamna mtu. Nyuma yangu kanga zikachanika zote kwa mpigo, nusu huku, nusu kule, ukuta ukaingia katikati.

"Hodi," seli mmoja akabisha.

"Karibu, jirani," akajibu mwenzake.

Niliamka kumeshapambazuka. Mama ameketi kitandani, amefungua bendeji. Ukingoni mwa kidonda pametanda ngozi mpya, nyembamba kama utando wa maziwa.

"Nani yule mdogo aliyekuja kuniaga?" akaniuliza. "Kanigusa papa hapa, mwanangu, wala sikuumia."