Mtapapenda Hapa

Mpiga eksirei hakuwa mtu wa kuyumbayumba kazini, lakini suala la mtaa lilimtoa jasho. Hospitali kubwa ya upande wa pili wa nchi ilikuwa imemwita akaongoze chumba cha picha, naye akakubali palepale, hata chai yake haijapoa. Kazi aliiweza. Kilichomweka roho juu ni watoto: wangeishi wapi, wangecheza na nani, wangevuka barabara gani kwenda shule. Mtaa waliokuwa wakikaa ulikuwa umebanwa na gereji na baa, na kitinda mimba wake alikuwa amejua matusi kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mtaratibu ambaye hakumfokea mwanafunzi hata aliyegonga nguzo ya umeme. Habari za uhamisho alizipokea bila ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Basi twende tukatafute nyumba, watoto wapate pahali pazuri." Mpiga eksirei akafurahi kupita kiasi. Kwa muda mrefu mume huyu alikuwa kama mpangaji ndani ya nyumba yao: anaingia, anakula, anajibu akiulizwa, analala. Leo anasema twende! Mwanamke akajipa moyo kwamba huko waendako, mbali na kila kitu walichokizoea, atampata tena mtu aliyemwoa.

Wakafunga safari shule zilipofungwa, wao na watoto wawili. Mkubwa alikuwa msichana wa darasa la tano waliyemwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Dalali aliyewapokea alikuwa bonge la mtu, mcheshi, na gari lake lilinukia manukato mpaka mdogo akapiga chafya njia nzima.

"Mama, nitakuonyesha mitaa mpaka useme basi," alisema dalali. "Mteja wangu hatoki hivihivi."

Mtaa wa kwanza ulikuwa jirani kabisa na hospitali. "Hapa unapiga mswaki tu, uko kazini," dalali alijitapa. Lakini mwalimu wa udereva alisimama kando ya barabara kubwa, mikono nyuma, akiyatazama malori yanavyopita kwenye kivuko. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hakuna anayepunguza mwendo hapa. Mtoto atavukaje?"

Mtaa wa pili ulikuwa wa kuta ndefu na mageti ya chuma. Barabara zilikuwa safi kama sahani, na hakukuwa na mtu hata mmoja nje.

"Watoto wa huku wamefichwa wapi?" Kasuku aliuliza.

"Wapo, binti yangu," dalali akacheka. "Wameingia kwenye simu zao, hawajatoka bado."

Mwalimu hakucheka. "Hapana," alisema tena. "Usiku wakipiga kelele za kuomba msaada, nani atawasikia?"

Mtaa wa tatu ulikuwa nje kidogo ya mji, juu ya kilima. Barabara zake zilikuwa nyembamba, zenye matuta ya kupunguza mwendo, na katikati palikuwa na uwanja wenye bembea. Shule ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Majirani walikuwa wakiongea kupitia juu ya nyua fupi, huyu anafua, yule anamwagilia maua. Jirani wa nyumba waliyoonyeshwa, mama mmoja mfamasia, aliwapungia mkono kama anayewafahamu. Kabla gari halijasimama vizuri, kitinda mimba alikuwa ameshachomoka na kuingia kwenye mpira wa watoto wenzake, nao wakampokea bila kumuuliza katoka wapi.

Ndani, mwalimu wa udereva aliishika kazi. Alifungua mabomba yote. Alijaribu kila kitasa na kila komeo, akagongagonga madirisha, akaomba ngazi na kupanda darini, huku vumbi likiwaangukia waliobaki chini.

"Mzee," dalali aliita kutoka chini, "unapanga nyumba au unaipekua? Hapa hatujaficha mtu!"

Mpiga eksirei alicheka mpaka akajishika mbavu. Huyuhuyu, nyumbani, alikuwa ameacha taa ya jikoni ikae imeungua mpaka wakazoea kupika kwa tochi. Leo anahangaika hivi. Moyo ukamjaa.

Mume aliposhuka, alimvuta dalali pembeni, lakini nyumba tupu haifichi sauti. "Mlinzi wa mtaa huu anaaminika? Akipigiwa simu na mwanamke aliye peke yake na watoto, anafika?"

"Anafika, mzee, tena mbio." Dalali alimtupia mwanamke jicho la haraka, kisha akasema anakwenda kupokea simu nje, ingawa hakuna simu iliyoita.

Mwalimu akarudi jikoni akijifuta vumbi mabegani. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo mkewe hakuwa ameliona siku nyingi.

"Mama Kasuku," alisema, "mtapapenda hapa."

Mwanamke alikuwa ameshika mlango wa kabati. Hakuuachia.

"Tutapapenda, au mtapapenda?"

Mume alinyoosha mkono akalikaza bomba ambalo halikuwa likivuja.

"Nitakuja baadaye. Kuna mambo ya chuo nayamalizia kule."

"Mambo gani?"

Mume aligeukia dirisha, akajaribu tena kitasa alichokwisha kukijaribu.

"Baba Kasuku, hebu nitazame. Kuna mwanamke?"

"Hakuna. Haki ya Mungu, hakuna." Alisema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Angekuwepo ningejua la kukwambia. Nimechoka tu. Jioni nikisikia funguo zako mlangoni, kifua kinanibana. Na hujanikosea kitu. Nimetafuta ulichonikosea, sikioni."

Mpiga eksirei alitamani kungekuwa na mwanamke. Angekuwa na wa kumchukia, na kosa la kulirekebisha au la kulisamehe. Hapa hakukuwa na pa kushika.

"Na watoto?"

"Watoto nawapenda. Unadhani kule darini nilipanda kutafuta nini?"

Kabla hajamjibu, Kasuku aliingia mbio, akihema. "Nimeshagawa vyumba! Cha mbele ni cha baba na mama. Cha nyuma changu, na mdogo wangu atalala karibu na choo kwa sababu anaogopa giza. Baba, kiti chako tutakiweka barazani, utuone tukicheza. Sawa?"

Mama alimtazama baba. Alimsubiri aseme.

"Sawa, mwanangu," alisema baba.

Nje, mdogo alikuwa amefunga goli, anashangilia kwa sauti ambayo kule kwao hakuwahi kuitoa. Mwanamke aliisikiliza. Dalali alipochungulia mlangoni na kuuliza kama amwite mwenye nyumba au waendelee kutembea, mwanamke alijikaza akasema, "Mwite. Tunaichukua."

Siku ya kuhama, mwalimu alikuja na lori la mizigo. Alifunga vitanda, akapachika mapazia, akawatembeza watoto njia ya shule huku akiwaonyesha pa kusimama na pa kutazama. Asubuhi akaaga akiwa na kibegi kidogo. Alirudi mara moja, akalala kwenye kochi kama mgeni na kutandua shuka mwenyewe alipoamka. Baada ya hapo zikabaki simu, nazo zikawa zinapungua, na mwishowe akawa anapiga wakati anajua watoto wako shuleni.

Mtaa haukuwaangusha hata kidogo. Madereva walipunguza mwendo. Mlinzi alipita kila jioni akisalimia. Walimu walijua majina ya watoto wote wawili. Mpiga eksirei alitafuta cha kuulaumu akakikosa.

"Mzee anakuja lini?" mfamasia alikuwa akimuuliza, kila mmoja akiwa upande wake wa ua.

"Mwisho wa mwaka."

Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza, jibu likawa lilelile. Mfamasia akaacha kuuliza, akaanza kuleta bakuli za chakula. Mwanamke alizipokea, akashukuru, akaziosha na kuzirudisha, na kila aliporudisha alihisi amevuliwa nguo.

Aliwahi kuomba arudishwe alikotoka. Mkuu wake alimwambia nafasi ile ilishapata mtu. Na angerudi kwa nani? Mume alikuwa ameihama nyumba yao ya zamani, na hakusema amehamia wapi.

Jumamosi moja mchana alikuwa akipiga pasi sare za shule. Kitinda mimba alipita akitafuta mpira wake, akauliza kama likizo hii wataenda popote.

"Baba ndiye atakuja, mwanangu. Likizo hii atakuja."

"Haya, mama," alisema mtoto kwa adabu, akatoka.

Kasuku alikuwa anakunja nguo upande wa pili wa meza. Jina lile la utani hakuna aliyelitumia tena isipokuwa mama yake.

"Mama, acha kumwambia hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kwamba baba anakuja. Nilishamwambia haji. Anakuitikia tu ili usilie."

Mkono wa mama ukasimama, pasi ikiwa juu ya shati. "Na wewe nani alikwambia?"

"Baba. Siku ile anafunga vitanda nilimuuliza chake kiko wapi. Akaniambia hatakaa nasi, halafu akasema nisikuonyeshe kwamba najua."

Mwanamke alitaka kuzunguka meza amkumbatie, lakini alibaki palepale, mkono juu ya pasi. Aliyakumbuka majira yote ya likizo aliyowatajia, na nyuso mbili zilizokuwa zikimwitikia.

"Pasi, mama," msichana alisema. "Itaunguza."

Aliinyanyua. Alama ya kahawia ilikuwa imeshaingia kwenye shati. Msichana akalichukua, akaligeuza huku na huku dirishani, akasema atalivaa ndani ya sweta, alama haitaonekana. Kisha akabeba nguo zilizokunjwa na kwenda nazo chumbani. Mama akavuta shati lingine, akalitandaza mezani.