Waziri Aliyesimama Peke Yake

Katika Dola ya Silabi, mkubwa hakutembea kwa miguu yake. Kila Konsonanti, kuanzia Mfalme K hadi mgambo wa lango, alibebwa na Irabu. Bwana alitangulia, akaibana pumzi kwa ulimi au midomo. Irabu akaifungulia, sauti ikatoka. Sifa akapewa bwana. Ndiyo dunia hiyo.

Barazani ni Waziri M pekee aliyeweza kusimama bila mbebaji, kama asimamavyo mwanzoni mwa neno "mtu", maana pumzi yake hupitia puani. Wenzake hawakujaliwa njia hiyo. M aliyajua hayo vizuri sana.

Siku moja Bibi A, mkubwa wa Irabu watano, akaja mgongo umechubuka.

"Mtukufu, kiti chako hatukitaki," akasema. "Tunaomba mkeka tu, nasi tukae barazani."

"Mkikaa ninyi, mimi nitabebwa na nani?" Mfalme akacheka, kisha akamgeukia M. "Waziri, wewe husimama mwenyewe. Nasi tunaweza?"

Bibi A akamtazama M. Ndiye aliyemlea, akamfundisha kuita mama. Lakini M aliwafahamu waliowahi kumkatalia Mfalme, na hapakuwa na hata mmoja wao aliyebaki na cheo.

"Tunaweza, Mtukufu," akajibu, macho kwenye zulia.

Irabu wakafukuzwa siku hiyohiyo. Loo, cheo hiki!

Kesho yake moto ukashika jikoni mwa kasri. Mfalme akafumbua kinywa aagize maji. Kikatoka kimlio kikavu, kama kijiti kilichovunjika. T akagotagota ulimi. S akafoka kama birika. Wakubwa wakabaki kutazamana huku paa likiwaangukia, na M akiwatazama, akitamani ardhi immeze.

Akakimbia hadi mtoni. Irabu wanne walikuwa wameshavuka. Bibi A, kwa kuumwa mgongo, alikuwa angali ukingoni.

"Mm," M akasema, machozi yakimtoka. Hakuwa na kingine.

Bibi kizee akainama, akampa mgongo uleule wenye kidonda. M akapanda.

"Mama," wakatamka pamoja.

Alitaka kuongeza "nisamehe". Lakini neno hilo lilimhitaji I, likamhitaji na E. Nao walikuwa ng'ambo, wanakwenda zao, wala hawakugeuka.