Mtalii Kwenye Arobaini ya Haralambie

Haralambie alikufa mwanzoni mwa vuli, na mtaa mzima wa nyuma ya soko la Obor uliipokea habari hiyo kwa utulivu. Alikuwa fundi wa tramu, mchapakazi, si mlevi wala mgomvi, lakini mkono wake ulikuwa wa birika. Kengele ya mlango wake ikilia usiku, alizima taa. Ikilia mchana, alimtuma mkewe aseme hayupo, naye mwenyewe akiwa anakohoa chumbani.

Kwa hiyo ilipofika arobaini yake, siku ambayo watu wa Bukaresti hupika na kuwalisha jirani na mpita njia ili marehemu asikae na njaa huko aliko, mjane wake Steliana alijua kwamba ukumbi wa kanisa hautafurika. Hata hivyo alipika kama anayelisha kikosi. Alipika kwa sababu wifi yake, Gherghina, dada wa marehemu, alikuwa anamtazama, na Gherghina akikutazama unapika, hupunguzi kitu.

Mvua ilianza alfajiri. Ilikuwa ile mvua ya vuli isiyo na hasira wala huruma, inanyesha tu kama karani anayesubiri pensheni. Padri Teofil alisoma sala, akala upesi upesi, akaenda kubatiza mtoto mtaa wa pili. Waliobaki ni vikongwe wachache waliovaa nyeusi, wamekaa mbalimbali kwenye meza ndefu iliyojaa masinia ya nyama iliyoviringishwa ndani ya majani ya kabichi, na katikati koliva, ile ngano tamu ya wafu, imechorwa msalaba wa kakao.

"Nilikwambia tufanyie nyumbani," Gherghina alisema. "Ukumbi wote huu, na watu wenyewe kama meno ya kibogoyo."

"Nyumbani kwako au kwangu, wifi?"

"Kwako. Kwangu nimetandika zulia jipya."

Steliana alikuwa akiitazama picha ya mumewe iliyofungwa utepe mweusi, akijiuliza kama anamwonea uchungu au anauonea uchungu ule ukumbi mtupu. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amebeba shanta kubwa kama jokofu. Shanta limevishwa koti la mvua. Yeye mwenyewe amelowa chepechepe. Alisimama akanusa. Akaiona mishumaa, akawaona vikongwe, akaona hakuna bango wala orodha ya bei. Uso wake ukajaa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Akaenda moja kwa moja hadi kiti cha mbele kabisa, uso kwa uso na picha ya marehemu, akaketi.

"Ni nani huyo?" Gherghina akanong'ona.

"Mpita njia," Steliana akasema. "Na siku ya leo ni ya wapita njia."

Alipomkaribia, yule mgeni alimwekea simu mdomoni, na simu ikauliza kwa Kiromania cha mtangazaji wa redio: "Je, hapa hula wenyeji peke yao?"

"Wenyeji tupu," Steliana akamjibu kwa Kiitaliano, kwa maana alikuwa ameona bendera iliyoshonwa kwenye shanta. "Weka mzigo chini, mwanangu, ule."

Uso wa mgeni ukashuka. "Unajua Kiitaliano?"

"Nilikaa Bergamo miaka mingi nikilea wazee. Wewe wa wapi?"

"Bergamo," akasema kama anayeungama.

"Upande gani? Huenda nilimwogesha bibi yako."

"Mama, tafadhali. Nimesafiri ili nisiisikie Bergamo."

Jina lake lilikuwa Ruggero. Alikuwa amekuja kukaa siku chache za mwisho wa wiki, na mvua ilikuwa imempokea alfajiri hiyo pale pale uwanja wa ndege. Watalii wenzake kwenye bweni la wageni walikimbilia majumba ya makumbusho, na Ruggero aliwadharau kwa hilo. Yeye aliapa kutoingia mahali popote palipotajwa kwenye kitabu cha watalii, na kwa kuwa kila penye paa palikuwa pametajwa, alikuwa ametembea asubuhi nzima kwenye mvua kwa ajili ya msimamo wake. Viatu vyake vililia kwi-kwi kila alipojisogeza.

Alikula vizuri. Hilo hata Gherghina alilikubali. Alikula huku anapiga picha, akimsogeza kikongwe mmoja kwa kidole ili mwanga umwangukie mashavuni.

"Huyu pichani ndiye mwenye mahali?" akauliza.

"Ndiye aliyetukusanya hapa."

"Sura kali. Unaona kabisa huyu alikuwa mtu wa kukaribisha watu."

Steliana alikohoa. "Mwanangu, nikueleze kidogo. Leo ni siku ya—"

"Usinieleze. Ukieleza, unaharibu." Akazungusha macho ukumbini. "Hakuna muziki. Safi sana. Muziki huwekewa watalii. Na nyuso hizi, huzuni hii."

"Huzuni hiyo ni kwa sababu—"

"Historia," Ruggero akasema, ameinua uma. "Mmeteseka sana. Nimesoma." Na akaanza kumsimulia Steliana maisha ya Bukaresti enzi za dikteta: baridi ndani ya nyumba, taa kuzimwa, watu kuogopana. Steliana alisimama na sinia mkononi akisikiliza ujana wake mwenyewe, umenyooshwa na kupigwa pasi.

"Anasema nini muda wote huo?" Gherghina akauliza.

"Ananieleza tulivyokuwa tukipanga foleni ya mafuta ya kupikia."

"Alikuwepo?"

"Alikuwa hajazaliwa."

"Muongezee kabichi. Mdomo ukijaa atanyamaza."

Aliposhiba alitoa pochi. Steliana akaurudisha mkono wake na kumwambia kwamba hapa hapalipwi kitu. Akitaka kushukuru, amwage tone la pombe sakafuni, kisha aseme maneno ambayo yeye atamfundisha. Ruggero nusura alie kwa furaha. Alishika gilasi ya pombe kali ya plamu, akamwaga tone, akarudia kwa Kiromania kilichovunjika mbavu: "Mungu amsamehe Haralambie." Vikongwe wote wakapiga ishara ya msalaba. Akawaomba warudie, kwa kuwa simu haikuwa imeanza kurekodi.

Kurudia, wakarudia. Walikuwa wamekula vya watu.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, Steliana na Gherghina walirudi ukumbini kusugua masufuria na kugawa chakula kilichobaki, nacho kilibaki kingi mno. Mvua bado ilikuwa kazini. Walipokata kona wakaona msururu mlangoni: wavulana kwa wasichana, makoti ya plastiki ya rangi zote, mashanta mgongoni, maji yanawachuruzika puani.

Gherghina alisimama. "Wifi, niambie ukweli. Kaka yangu alikuwa na watoto wangapi wa nje?"

Msichana mmoja mrefu, mweupe kama mshumaa, akawaonyesha simu yake. Juu kulikuwa na picha ya Haralambie na utepe wake mweusi. Chini Ruggero alikuwa ameandika habari, na Steliana akamfasiria wifi yake. Mahali panaitwa Kwa Haralambie. Hakuna jina mlangoni, hakuna orodha ya vyakula, unakula unachopewa. Mhudumu mmoja mzee ana ukali wa asili usioigizwa. Nyota nne, ya tano imekatwa kwa sababu mpishi anazungumza Kiitaliano.

"Mhudumu ni nani?" Gherghina akauliza.

"Wewe."

Gherghina aliwaza. "Basi tuwalipishe. Lei hamsini kwa sahani, na ukali wangu juu yake."

"Hiki ni chakula cha maiti, wifi. Unataka kumuuza kaka yako kwa sahani?"

"Yeye angeniuza kwa kijiko."

Lakini Steliana alikuwa amekwisha fungua mlango. Aliwaketisha, akawapakulia, na kabla ya tonge la kwanza akamfundisha kila mmoja kumwaga tone na kusema yale maneno. Wakasema. Wakasema Wadenishi, Wareno na Wakorea, na Mwaustralia mmoja aliyelitamka jina la Haralambie kama anayeita mbwa kwa upendo. Ukumbi ulijaa mvuke wa soksi mbichi na kabichi. Mahali ambapo jana palikuwa na vikongwe wachache, leo hapakuwa na pa kuweka kiwiko.

Padri Teofil alipita kuchukua ufunguo, akashangaa. "Hawa ni akina nani?"

"Waombolezaji, Padri," Steliana akasema.

"Wote hawa? Wa Haralambie?"

"Wamemwombea tangu saa sita. Sisi jana tulichoka kuomba hata kabla ya koliva."

Padri alikuwa mtu asiyependa kupoteza umati. Alivaa stola yake, akawaashiria wasimame, akaimba Kumbukumbu ya Milele, wimbo wa wafu, kwa sauti yake nzito yote. Wageni walisimama na simu zao juu. Yule msichana mweupe aliishusha yake polepole. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakujua kwa nini, akayaacha yatoke.

Steliana alimwona. Kwa siku arobaini alikuwa amesubiri mtu mmoja amlilie mumewe, yeye mwenyewe akiwemo katika waliosubiriwa. Sasa alilia kidogo, kwa aibu, nyuma ya sufuria, na katikati ya kilio akaanza kucheka, kwa sababu alikuwa amemwaza Haralambie akiwaona watu wote hawa wanakula.

Ndipo Ruggero akaingia. Viatu bado vinalia. Alisimama mlangoni akitazama mashanta yaliyorundikwa ukutani, na uso wake ukawa wa mtu aliyekuta mkewe anacheza dansi na jirani.

"Mmepaharibu," akamwambia Steliana. "Jana palikuwa mahali pa kweli. Leo tazama. Watalii tupu."

"Nani amewaleta?"

"Nilidhani wanaonisoma ni watu wachache wenye akili zao."

"Keti," Steliana akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ile aliyoitumia Bergamo kwa wazee waliokataa dawa. Ruggero akaketi. "Huyu pichani ni mume wangu. Amekufa. Jana ilikuwa arobaini yake. Umekula matanga, mwanangu. Hapa hapauzwi chakula, na mhudumu wako mkali ni dada wa marehemu."

Ruggero aliitazama picha. Akautazama utepe, mishumaa, vazi jeusi la Gherghina. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka. Ulikuwa unanieleza."

Ruggero aliinamisha kichwa, na Steliana akaanza kumhurumia. Alikuwa mtoto wa watu, amelowa, yuko mbali na kwao. Alitaka hata kumwekea supu. Lakini kichwa cha Ruggero kikainuka taratibu, na machoni mwake mlikuwa na nuru.

"Kwa hiyo jana," akasema, "mimi nilikuwa kwenye kilio chenyewe. Siku yenyewe. Hawa wamekuta mabaki."

"Mabaki, ndiyo."

"Na sikuambiwa na mtu. Nilipanusa mwenyewe."

Akasimama, akamkumbatia Steliana akamlowesha kifua kizima, akatoka mbio mvuani kwenda kuandika upya. Supu ikabaki kwenye sufuria.

Alichoandika, kwamba mahali pa kweli ni kwenye kilio chenyewe, walikijua Jumamosi iliyofuata, ukumbi ulipokuwa zamu ya familia ya kanali mmoja mstaafu aliyefariki. Makoti ya plastiki yalifika kabla ya jeneza. Watoto wa kanali hawakuwa na ucheshi. Waliwatawanya wageni kwa miamvuli, na Mholanzi mmoja akaondoka na nundu aliyoipiga picha kwa pembe tatu tofauti. Padri Teofil akabandika tangazo mlangoni kwa lugha nne: Hapa si hoteli. Watu sasa walikuwa wakija kupiga picha na tangazo.

Gherghina ndiye aliyemletea Steliana habari hizo, jikoni kwake, akizimenya pamoja na viazi. Haikuwa desturi yake kuja bila kuitwa. Tangu Jumapili ile alikuwa amekuja mara kadhaa, na siku hiyo hata alileta jibini.

"Askofu mwenyewe hakuombewa hivyo," akasema. "Mpaka Korea. Lakini nakwambia, wifi, kaka yangu angekuwa hai akaona nyama yote ile inavyoliwa bure, angekufa tena."

"Mwache afe," Steliana akasema. "Nipe chumvi."