Majina ya Kobe wa Maji

Mchana una joto kali, na Nyamizi, mtunzi wa kamusi anayezunguka ziwa kukusanya majina ya kobe wa maji, anajilaza mkekani kwa mwenyeji wake, Mama Akoth. Daftari liko kifuani. Macho yanafumba, mkeka unalowa, unazama, na mara amesimama kwenye barabara ya matope isiyo na mwisho, mbele yake mtu aliyebeba kobe wa maji mgongoni. Mtu yule anageuka. Hana uso; pana ngozi tupu, laini kama kiganja. Twende, anasema, wanakungoja. Kina nani? Wale ambao bado wanalo jina.

Katika mji wa kwanza watu wanamwona kobe, wanashangilia, opuk, opuk! Nyamizi anaandika. Wino haujakauka, kelele zinakatika, vinywa vinachezacheza bila sauti. Barabara inajikunja, inawafikisha mji wa pili, nao ni ule ule, milango ile ile, ila imegeuzwa kama kwenye kioo. Huku wanasema enfudu, naye anaandika, mkono umeshazoea, na mwanamke aliyekuwa akimwita bintiye ufukweni anakwama katikati ya jina. Binti anazidi kuingia majini. Mwite! Nyamizi anapiga ukelele. Nimwite nani? anauliza yule mama, machozi yanamtiririka. Nyamizi anataka kukimbia amdake mtoto, miguu imeganda matopeni. Nimefanya nini? anamuuliza asiye na uso. Umevuna, hukubakiza mbegu. Basi nirudishe nyumbani! Mbona tumeshafika.

Kweli, ni uani kwao Tabora, na mama yake mzazi anapepeta mchele. Anainua macho, anatabasamu, anafungua mdomo, kimya. Mama, ni mimi! Mama anamtazama kama mgeni aliyepotea njia. Nyamizi anafungua daftari, na chini ya opuk na enfudu, kwa mwandiko wake mwenyewe, pameandikwa Nyamizi. Anazichana kurasa vipande vipande, anavirusha juu. Vinaruka kama kumbikumbi, na kutoka mbali kelele za miji zinarudi, mtoto anaitwa, anaitika, yuko hai. Mama naye anadaka kipande kimoja, anakisoma polepole. Kalunde, anasema. Kalunde mwanangu, umerudi! Silo, mama, silo hilo, Nyamizi anataka kusema, lakini mama anacheka na kulia kwa pamoja, na Nyamizi anaogopa kumnyang'anya jina tena. Abee, mama, anaitika.

Anashtuka, jasho limemlowesha. Mlango unafunguliwa, Mama Akoth anaingia na kikombe cha chai. Umelala mno, Kalunde, anasema, nimekuita mpaka nimechoka. Nyamizi anaketi, anamtazama, hajui kama ameamka au amevuka kwenda mji mwingine. Anafungua mdomo amsahihishe. Jina haliji.