E Mbili za Mama Rudia

Mke wangu hakuwa mwepesi wa kushika mambo, na hilo alilisema mwenyewe kabla hujamsema wewe. Ukimweleza kitu kisipomwingia, anakukazia macho, anasema, "Rudia." Ukirudia, bado, "Rudia." Haoni haya. Kanisani, kwenye darasa la Neno, wanawake wenzake walimbatiza Mama Rudia, na mwinjilisti aliyewafundisha, akiuona tu ule mkono unanyooka, alishusha pumzi kama mtu aliyetwishwa gunia.

Habari iliyomshinda kuliko zote ni ile ya Bwana kuwaosha miguu wanafunzi wake. Mimi ni fundi viatu, kwa hiyo miguu ya watu mke wangu aliijua. Alikaa nami kibandani miaka yote, akipaka ngozi mafuta kwa soksi kuukuu, na mteja akivua kiatu, harufu anaipata yeye wa kwanza. "Sasa mkubwa mzima," ananiuliza, "anainamaje kwenye hiyo?" Namwambia asinisumbue. Mimi sijaona mkubwa akiosha hata kikombe chake cha chai.

Mwinjilisti alipochoka alimwambia, "Mama, kuna kuelewa kwa darasani, na kuna kuelewa anakokupa Roho mwenyewe. Huko ni zawadi, hakununuliwi kwa akili. Wewe omba."

Nilipohadithiwa nilicheka. Nikasema huyo amepata namna ya kumkwepa mwanafunzi. Ndivyo walivyo wenye vyeo, kazi ikiwashinda wanamsukumia Mungu. Lakini yeye aliyabeba maneno yale kama ahadi ya mtu asiyesema uongo. Kila jioni tukifunga kibanda alisimama na kufuli mkononi, akasema, "Bwana, kusikia nimesikia. Sasa nieleweshe." Halafu kufuli, kla! Hakuruka jioni hata moja, wala hakulalamika kwamba zawadi inachelewa. Mimi soli nilizoagiza zikichelewa, natukana mpaka jirani anafunga dirisha.

Kisha akaugua. Wodi zilikuwa zimejaa, wakamlaza palipopatikana, katikati ya waliovunjika mifupa. Jioni ile ya mwisho akaja mlinzi na filimbi yake: muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, tokeni. Nikamwambia mlinzi, mke wangu hali yake mbaya, niache nikae naye. Akasema ni amri ya mkubwa. Mkubwa yuko wapi? Mkubwa hayupo. Wakanitoa kwa kunishika mkono kama mwizi wa kuku. Nikazunguka nyuma, nikasimama chini ya dirisha la wodi, jenereta linanguruma ubavuni mwangu, nikasikia sauti ya mke wangu: "Nimelewa."

Baada ya hapo sikuisikia tena sauti ile.

Nimelewa! Mwanamke aliyeogopa hata dawa ya kikohozi kwa kuwa ilimzungusha kichwa. Nikajua wamemzidishia sindano. Tangu hapo nimepanda ngazi za ofisi zao mpaka soli zangu mwenyewe zimeisha, mimi fundi viatu. Njoo kesho. Mkubwa yuko kikaoni. Mwishowe wakaniita: Alhamisi, mbele ya daktari mkuu, nikaeleze malalamiko yangu, na kama nina shahidi nije naye.

Shahidi ningemtoa wapi? Wiki hiyohiyo akaja kibandani mwanamke anayechechemea, mguu mmoja umekuwa mfupi baada ya kuvunjika, anataka soli ya kushoto iongezwe unene. Nikaanza kumfokea kwamba kazi kama hiyo haifanywi mtu akisubiri. Akanitazama, akapiga makofi.

"Sauti hii! Wewe si ndiye uliyemwita mlinzi mbuzi wa filimbi?"

"Nani kakwambia?"

"Nani hakusikia? Nilicheka mpaka mguu ukaniuma upya. Shemeji, kitanda changu kilikuwa ubavuni mwa cha mkeo."

"Ushemeji umeanzia wapi?"

"Tulitumia beseni moja. Unataka undugu gani zaidi ya huo?"

Nikamvutia stuli. Nikamweleza yote, sindano, Alhamisi, shahidi. "Ulikuwapo aliposema nimelewa," nikamwambia. "Uje uwaambie."

Kicheko kikamtoka usoni. "Alisema nini?"

"Nimelewa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Dirishani."

"Penye jenereta?"

"Hapohapo."

Akakiweka kiatu chake chini taratibu. "Shemeji, siku ile hakuchomwa sindano yoyote. Dawa ya maumivu ilikuwa imeisha tangu asubuhi."

"Imeisha!" Nikaruka.

"Kaa. Utawaka baadaye. Aliumwa, lakini akili yake ilikuwa safi kuliko yangu na yako. Aliniomba nimsomee habari ya kuoshwa miguu. Nikasoma. Rudia. Nikasoma. Rudia. Nikamwambia, dada, kurasa zitachanika hizi. Akaniuliza, 'Mle chumbani, alikuwamo na yule msaliti?' Nikamwambia alikuwamo, alikuwa bado hajatoka. 'Na yeye alioshwa?' Hilo, shemeji, sikuwahi kujiuliza, na kanisani nimekulia. Nikaangalia tena, nikamwambia naam, na yeye. Akasema, 'Hata huyo.' Hakuwa anauliza. Nikangoja rudia yangu, haikuja. Akatulia, halafu akasema, 'Nimeelewa.' Ni-me-e-lewa. E zilikuwa mbili. Moja imeliwa na jenereta."

Nikachukua kiatu chake nikakigeuza, nikakigeuza tena, kama sijapata kuona kiatu.

"Alielewa nini?"

"Hakuniambia. Ila uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekaa kwenye foleni ndefu, halafu akasikia jina lake linaitwa."

"Una hakika na hizo e?"

"Alhamisi nitakuja niseme hivyohivyo. Ukitaka nimelewa, tafuta shahidi mwingine."

Alipoondoka nilikaa na nyundo mapajani. Muda wote huo nilikuwa nimembeba mke wangu kichwani kama mlevi, anayumba, hajui aendako. Kumbe alikuwa amesimama wima kuliko sisi sote. Aliomba kitu kimoja, akakingoja bila kununa, akapewa kitandani, katika maumivu, bila sindano. Sijamwona mtu mwingine wa namna hiyo, wala simtarajii. Jioni nikasimama na kufuli mkononi. Nikafunga tu, kla, bila maneno yake.

Alhamisi tukapanda ngazi, mimi na shemeji wangu wa beseni. Daktari mkuu akaja amechelewa, anahema, katoka wodini. Akashindwa hata kukaa, maana kiti kilikuwa kimoja na akampa shemeji.

"Mzee, nakusikiliza."

"Mlinitoa kwa filimbi mke wangu akikata roho," nikasema. "Dawa mliacha ziishe. Hayo nayasema leo na nitayasema kesho. Lakini niliwaambia pia kwamba mlimlewesha. Hilo lifuteni. Mke wangu hakulewa. Alielewa."

"Alielewa nini?"

Ofisi zote nilizopita, huyu alikuwa wa kwanza kuniuliza jambo juu yake.

"Sijui," nikasema. "Aliyepewa ni yeye. Mimi bado."

"Dawa ziliisha, ni kweli," akasema. "Pole, mzee." Hakuongeza sababu. Nilizingoja sababu zake, nilikuwa nimeziandalia majibu ya kumkata maini.

Nikainamisha uso, sipendi mkubwa aone macho yangu yakilowa. Ndipo nikaviona viatu vyake. Kisigino kimeliwa upande, soli ya mbele imeachama.

"Hicho kitakuangusha ngazini," nikamwambia.

"Muda wa kwenda kwa fundi siupati."

Nikasikia shemeji amekohoa. Nilitaka kuondoka, Mungu ni shahidi wangu. Mkono wangu ukaenda kwenye mkoba wangu wa kazi, ukatoka na gundi.

"Kivue."

"Hapa?"

"Basi wapi? Kivue kabla sijabadili nia."

Akavua, akabaki na soksi imetoboka kidole. Nikapiga goti sakafuni. Harufu nikaipata mimi wa kwanza.