Lifti Iliyongoja Neno

Kazini walimwita Bwana Hakika, maana mtu huyo hata chai hakuinywa mpaka aridhike kwamba ni chai. Aliandika programu za lifti. Mkewe, meza ya pili, alibuni saketi zake za umeme. Kanuni ya ofisi ilikuwa moja: programu na saketi zithibitishwe kihesabu zikiwa pamoja, kama kitu kimoja, ndipo lifti ibebe mtu.

Lakini kuthibitisha pamoja kunataka mazungumzo, na hawa walikuwa wamenuniana wiki nzima. Sababu? Hata wenyewe walishaisahau! Basi kila mmoja akathibitisha nusu yake kivyake, na palipomhusu mwenzake akajaza tu kwamba upande wa pili utafanya inavyotakiwa. Hesabu zikakubali: mlango hautafunguka kamwe lifti ikiwa mwendoni.

Siku ya majaribio akaja mama mkwe. Hakuja kushangaa lifti, msidanganyike. Alikuja kumchukua binti yake, kwani ndoa ya kununiana aliiona si ndoa. Akaikuta lifti wazi chini, akaingia bila kumuuliza mtu, akapanda mpaka ghorofa ya tatu, penye ofisi yao, salama salimini. Mlango ukagoma kufunguka.

Akagonga kwa kiatu, akiuliza kama mkwewe amemfungia makusudi. Bwana Hakika akakimbia kutafuta msaada. Fundi mwenye ufunguo wa dharura alikuwa ametoka kula. Ikabidi mke na mume waunganishe nusu zao kwenye kompyuta moja, bega kwa bega. Kosa likajitokeza mara moja: programu ilingoja saketi itoe taarifa kwamba lifti imesimama, na saketi ilingoja programu iulize kwanza. Zingengojana hadi kiama.

"Nilidhani utaanza wewe," mke akasema.

"Na mimi nilidhani wewe." Roho ikamuuma, maana alijua mkewe hasemi lifti peke yake. "Nisamehe, mke wangu. Acha nianze mimi."

Akabadilisha mstari mmoja, programu ianze kuuliza. Safari hii wakathibitisha zote mbili kwa pamoja, wakaituma programu mpya kwenye lifti, na mlango ukafunguka.

Mama mkwe akatoka amefura, akamshika binti yake mkono, waondoke. Binti hakuinuka.

"Mama, sikutaka kuondoka. Nilitaka tu aseme kitu."

Mama akaitazama lifti, akamtazama mkwewe, kisha akashuka kwa ngazi akinung'unika kwamba hilo wangemwambia kabla hajapanda.